Dakika 40, wanafunzi 80: nani aseme kwenye somo la Kiingereza?

Tuanze na hesabu. Kipindi kimoja katika shule nyingi za Uganda ni dakika 40. Chukua darasa la wanafunzi 80, idadi ambayo mwalimu wa Nakivale au Kyangwali, makazi ya wakimbizi, haoni ajabu yoyote ndani yake. Tuseme mwalimu huyo ameamua leo kunyamaza kabisa. Hasalimu, haelezi, haandiki ubaoni. Kazi yake ni kunyoosha kidole tu ili wanafunzi wasimame mmoja mmoja waseme. Kila mmoja atapata nusu dakika. Atataja jina, umri na kijiji anachokaa, kisha ataketi. Hapo mwalimu hajatumia hata sekunde moja ya muda wao.

Naanza na hesabu kwa sababu ushauri wanaopewa walimu wa Kiingereza kila wanapoitwa semina ni ule ule: punguza maneno yako, waachie wanafunzi wazungumze. Wakati mwingine ushauri huja na namba, kwamba asilimia 70 ya muda iwe ya wanafunzi na 30 iwe ya mwalimu. Nia ni njema. Lakini namba hiyo ilifaa madarasa ya watu 12 waliokaa nusu duara, na ukiileta hivyo hivyo kwenye darasa la 80 haikusaidii kitu. Tatizo kubwa ni foleni. Maadamu kila sentensi ya mwanafunzi lazima ipitie kwa mwalimu, darasa linakuwa kama kijiji chenye bomba moja: ufungue koki yote au uibane, jerikeni 80 zitabaki zimepangwa kwenye mstari.

Kupima nani anazungumza darasani kulianza zamani. Mmarekani Ned Flanders alibuni mfumo ambao mtazamaji hukaa nyuma ya darasa, na kila baada ya sekunde tatu huandika namba ya kinachoendelea. Aina za matukio zilikuwa kumi. Saba zilikuwa za maneno ya mwalimu, mbili za maneno ya wanafunzi, na moja ya kimya au vurugu. Mgawanyo huo wenyewe unakueleza alichokuwa akikiona. Flanders aliyafupisha matokeo yake kwa theluthi: theluthi mbili za muda wa somo kuna mtu anayezungumza, na theluthi mbili za mazungumzo hayo ni za mwalimu. Hayo yalikuwa madarasa ya Marekani, ambako watoto wengi walisoma kwa lugha ya nyumbani kwao.

Mwaka 1975 John Sinclair na Malcolm Coulthard, wa Chuo Kikuu cha Birmingham, walionyesha umbo la mazungumzo hayo. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu: sawa, vizuri, hapana, mwingine. Kisha mzunguko unaanza tena. Katika kila zamu tatu, mbili ni za mwalimu, na ile moja ya mwanafunzi ndiyo fupi kuliko zote.

Uganda tuna namna yetu ya kulicheza umbo hili, na kila aliyesoma hapa anaijua. Mwalimu anaikata sentensi karibu na mwisho na kuacha nafasi ya neno moja. "The cow gives us what?" Darasa zima linaitikia, "Milk!" "And we use milk to make what?" "Tea!" Kila baada ya maelezo mafupi linafuata lile la "Are we together?" na jibu lake ambalo halijawahi kuwa hapana. Mkaguzi anayepita nje atasikia darasa lililochangamka, na midomo 80 imefunguka kweli. Lakini kila mdomo umetoa neno moja, tena neno ambalo sentensi yenyewe ilikuwa imekwisha kulitoa nusu. Kitenzi, wakati wake, mpangilio wa maneno, vyote amevifanya mwalimu. Asiyejua jibu anachelewa kidogo tu, anasikia wenzake wanasema nini, kisha anadakia mwishoni mwa neno.

Mtafiti Keith Chick alichunguza masomo ya aina hii KwaZulu, Afrika Kusini, na katika maandishi yake ya mwaka 1996 alieleza kwa nini yanadumu: yanamlinda kila aliyemo darasani. Mwanafunzi hasimami peke yake akaaibika. Mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe kina mashaka haulizwi swali la kumtoa jasho. Wote wawili wanaonekana wako kazini, na somo linasonga. Hii ndiyo sababu sioni faida ya kuwakemea walimu kwa mtindo huu. Mwalimu aliyefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, akapewa wanafunzi 80 na kipande cha chaki, ameshika chombo alichoona kinafanya kazi. Kuitikia kwa pamoja kuna mahali pake pia, hasa kwenye matamshi na kwa mgeni aliyefika shuleni wiki hii. Shida inakuja pale kunapokuwa ndiyo njia pekee ya mwanafunzi kufungua mdomo.

Lakini kwa nini azungumze? Swali hili watu hulivuka haraka. Kuna wanaosema asikilize tu, lugha itamwingia, na wana mtetezi mkubwa: mwanaisimu wa Marekani Stephen Krashen, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuwa akidai kwamba lugha hupatikana kwa kuelewa ujumbe ulio juu kidogo ya kiwango chako, na kuzungumza hufuata wenyewe. Jibu lililonishawishi mimi lilitoka Kanada. Mtafiti wa huko, Merrill Swain, aliwatazama watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza waliokuwa wakisomeshwa masomo kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Katika kusikiliza na kusoma walifika karibu sana na wenzao waliozaliwa na Kifaransa. Katika kuzungumza na kuandika walibaki nyuma, hasa kwenye sarufi. Mwaka 1985 Swain alieleza kwamba hawakuwa wakisukumwa kuitoa lugha. Msikilizaji anaweza kuelewa kwa kubahatisha, kwa kutazama mikono ya mwalimu, kwa kulijua jambo lenyewe. Msemaji hana njia hiyo ya mkato. Lazima achague kitenzi na akiweke mahali pake, na hapo ndipo anapogundua kwamba hana kile alichodhani anacho.

Mtoto huyo wa Kanada yuko Uganda pia. Mtaala wa mada wa shule za msingi ulioanza mwaka 2007 unataka madarasa ya kwanza hadi la tatu yafundishwe kwa lugha ya eneo, la nne liwe daraja la kuvukia, na kuanzia la tano kila kitu kiwe Kiingereza. Mijini na kwenye makazi ya wakimbizi, ambako lugha zimechanganyika, Kiingereza mara nyingi huanza siku ya kwanza. Sasa mfikirie mtoto aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, nyumbani Kiswahili, shuleni alikotoka Kifaransa. Anawekwa madarasa mawili au matatu chini ya umri wake kwa sababu ya Kiingereza. Baada ya miaka michache anafuata somo la sayansi bila taabu na anajibu maswali ya ufahamu kwenye karatasi. Muulize kwa nini jana hakuja shule, na atatazama miguu yake.

Hata hivyo hoja ya Krashen haiwezi kutupwa, na hapa ndipo naachana na wale wa asilimia 70 kwa 30. Barabarani Isingiro, wilaya ilipo Nakivale, unasikia Kinyankole, Kinyarwanda, Kiswahili. Kwa watoto wengi mwalimu ndiye mtu pekee anayezungumza nao Kiingereza kwa siku nzima. Akinyamaza kwa sababu semina ilimwambia anyamaze, atakuwa amewanyima Kiingereza pekee wanachokisikia bila kuwapa kitu kingine. La kuangalia ni maneno yake yapi yabaki.

Mimi ningeanza kukata mwangwi. Mwanafunzi anasema "He went to the market," mwalimu anarudia kwa sauti kubwa "He went to the market," kisha anaendelea. Kwa nini arudie? Kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Lakini mwanafunzi akijua kwamba kila jibu litarudiwa na mwalimu, hana sababu ya kumsikiliza mwenzake wala ya kupaza sauti yake mwenyewe. Amwombe aliyejibu arudie akiwa ameugeukia upande wa pili wa darasa. Kinachofuata kukatwa ni maelezo marefu ya kazi ambayo mfano mmoja ungeyamaliza: waite wanafunzi wawili mbele, waifanye mara moja wengine wakitazama, basi. Halafu kuna hotuba za majina ya sarufi. Mtoto anayejua kufafanua wakati uliopita timilifu lakini hawezi kusimulia alichofanya Jumamosi amefundishwa kuhusu Kiingereza.

Yanayopaswa kubaki, na hata kuongezeka, ni hadithi. Dakika tano za mwalimu kusimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula daftari zake, kwa Kiingereza chepesi, kwa ishara na sauti, ni maneno ya mwalimu yenye thamani kubwa. Pia yabaki masahihisho ya kimyakimya: mwanafunzi anasema "She go to hospital yesterday," mwalimu anauliza, "Oh, she went to the hospital? Who took her?" na mazungumzo yanaendelea bila mtu kukaripiwa.

Swali hilo la "Who took her?" lina jambo ndani yake. Mwaka 1983 Michael Long na Charlene Sato walionyesha kwamba walimu wa Kiingereza kwa wageni huuliza zaidi maswali ambayo wenyewe wana majibu yake. Hii ni rangi gani? Twiga ana miguu mingapi? Nje ya darasa watu hawaulizani hivyo. Swali ambalo mwalimu hana jibu lake, kama nani huamka wa kwanza nyumbani kwenu, au kwa nini bei ya mkaa imepanda, huzaa jibu refu zaidi kwa sababu kuna mtu anayetaka kulijua. Si lazima yawe mengi. Mawili kwa kipindi yanatosha kubadilisha hali ya hewa.

Ukishauliza, ngoja. Mary Budd Rowe alipima masomo ya sayansi katika shule za msingi za Marekani, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974 ilionekana kwamba walimu, kwa wastani, walingoja kama sekunde moja hivi kabla ya kumpa mtu mwingine swali au kulijibu wenyewe. Walipojifunza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka na wale wa "sijui" wakapungua. Nao walikuwa watoto waliojibu kwa lugha waliyoizoea. Aliyelipata wazo kwa Kiswahili, likapita kwenye Kifaransa, sasa analitafutia Kiingereza, sekunde tatu kwake ni chache. Kwa mwalimu kimya hicho ni kirefu mno, hasa mwalimu mkuu akiwa anapita dirishani.

Sasa turudi kwenye foleni. Njia ya kuivunja ni wanafunzi kuzungumza wote kwa wakati mmoja, wawili wawili. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliipa utaratibu mwaka 1981: kwanza kila mtu anafikiri peke yake kimya, kisha anazungumza na jirani, kisha wachache wanalieleza darasa zima. Tazama hesabu inavyogeuka. Dakika nne za mazungumzo ya wawili wawili humpa kila mwanafunzi dakika mbili za kuzungumza. Hizo ni mara nne ya alichopata kwenye kile kipindi ambacho mwalimu alinyamaza kutwa. Zimetumika dakika nne kati ya 40, sehemu moja ya kumi, na mwalimu anaweza kushika zote 36 zilizobaki akitaka. Kwa saa ya ukutani yeye bado ndiye mzungumzaji mkuu. Wale wa asilimia watamwandikia alama mbaya, wakati kila mtoto darasani amezungumza zaidi kuliko alivyozungumza wiki nzima iliyopita.

Madawati yetu marefu, yanayolaumiwa kwa kila kitu, hapa yanasaidia. Watatu au wanne tayari wamekaa bega kwa bega. Mstari wa mbele unageuka kutazama wa nyuma yake, na jozi zimepatikana bila kuhamisha kitu. Anayebaki bila mwenzake anaingia kwenye watatu. La maana zaidi ni kazi yenyewe. Ukiwaambia "zungumzeni kuhusu soko" watanyamaza, au wataongea Kiswahili na kucheka. Wape sababu ya kuulizana. Mmoja aandike daftarini bei za vitu vitano, kilo ya maharage, posho (unga wa mahindi), mafuta, chumvi, sabuni, asimwonyeshe mwenzake. Mwingine apewe shilingi 20,000 za kufikirika na orodha ya mahitaji ya nyumba yake. Hawezi kununua bila kuuliza, na mwenye duka hawezi kuuza bila kujibu. Baada ya dakika mbili wanabadilishana. Hakuna karatasi ya kuchapisha inayohitajika.

Kelele zitakuwepo. Shule ambayo darasa moja limetengwa na jingine kwa turubai haiwezi kuwa na jozi 40 zinazopaza sauti, na mwalimu wa jirani ana haki ya kulalamika. Zungumza naye kabla, mkubaliane dakika zipi. Wafundishe watoto sauti ya kumfikia jirani tu, wafundishe alama ya kunyamaza, mkono wako ukipanda nao wapandishe, na ikiwezekana toka nao chini ya mti. Mwalimu mkuu anayedhani kimya ni nidhamu aelezwe mapema, kabla hajafika na fimbo ya macho.

Kisha kuna Kiswahili. Walimu wengi huacha kazi za wawili wawili siku ya pili kwa sababu walisikia Kiswahili, au Kiganda, au Kinyabwisha cha wakimbizi wa Kongo. Shule nyingine huweka adhabu kwa anayetumia lugha ya nyumbani, na zipo ambazo zimemvisha mtoto kibao shingoni. Kilichopatikana kwa adhabu hizo ni watoto walionyamaza, ambao Kiingereza chao hakikuongezeka. Mimi ningewapa dakika moja ya kupanga kwa lugha wanayoitaka, halafu dakika nne kwa Kiingereza. Neno likikosekana, lisemwe kwa Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza na mazungumzo yaendelee. "I want kijiko" ni sentensi inayotembea. Mwalimu anayepita kati ya madawati analiandika neno hilo pembeni mwa ubao, na mwishoni maneno sita au saba yaliyokosekana yanakuwa msamiati wa siku, uliotoka kwao.

Watajifunza makosa ya wenzao, husema wapinzani. Baadhi, ndiyo. Lakini kosa lililosemwa mwalimu analisikia na kulisahihisha. Lililobaki kichwani halimfikii. Akipita na daftari mkononi, achague makosa mawili yanayorudiwa na wengi, ayaandike ubaoni bila jina la mtu, darasa liyatengeneze pamoja. Hapo kuitikia kwa pamoja kunafaa sana.

Hesabu ya wastani huficha jambo jingine: ni mwanafunzi gani anayezungumza. Mara nyingi ni watano wa dawati la mbele. Mkiulizana kama wanafunzi walipata muda, jibu ni ndiyo, na 75 hawakusema kitu. Kwenye madarasa ya watu wazima, kama yale ya jioni ambayo Wakongo wa Katwe na Nsambya jijini Kampala huhudhuria makanisani na kwenye vyama vyao, mambo ni magumu zaidi. Kijana aliyewekwa jozi na mzee hatamsahihisha. Atasema "Ndiyo, mzee" na kuacha kosa lipite. Mama aliyekaa karibu na wanaume watatu wenye sauti atakubali kila kitu kwa kichwa. Mwanzoni waweke wa rika moja pamoja, akina mama na akina mama, wakishazoeana wachanganye. Si kanuni ya ualimu wa lugha peke yake, ni adabu ya kawaida, na darasa la lugha haliwezi kuiruka.

Kinachorudisha walimu nyuma kuliko vyote ni mtihani. Kiingereza cha kumaliza darasa la saba hujibiwa kwa kalamu, na mzazi anayelipa ada anataka alama. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeweka asilimia 20 ya alama kwenye kazi zinazopimwa shuleni, zilizobaki 80 ziko kwenye mtihani wa mwisho. Mwalimu wa kidato cha kwanza anayetaka kulipa zoezi la mazungumzo uzito wa alama sasa ana mlango, hata kama ni mdogo. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuufikia mtihani kwa njia ya mdomo: insha iliyosimuliwa kwa jirani kabla ya kuandikwa hutoka ndefu, na mtoto hakodolei macho ukurasa mtupu.

Mtaala huo huo wa 2020 umeingiza Kiswahili kwenye vidato vya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilitaka kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wasiwasi wangu ni kwamba kitafundishwa kama Kiingereza kilivyofundishwa: ngeli ubaoni, darasa likiitikia, na mtoto wa Kongo ambaye anakizungumza tangu azaliwe akiambiwa kwamba chake si cha kitabu. Angewekwa jozi na mwenzake wa Mbarara, ambaye nyumbani kwao ni Kinyankole, dakika nne zile zile, bei za soko zile zile. Safari hii anayehangaika kutafuta maneno atakuwa yule wa Mbarara.